Mlango wa Dada

Mume wa dada yangu, mtaa mzima unamwita Fundi Mipira, na nusu ya mtaa haijui jina alilopewa na mamake. Mimi nalijua ila silitumii, maana tangu amwoe dada sisi ni mashemeji wa kutaniana na jina la utani linanitosha. Kazi yake ni moja tu: kubadilisha mipira ya milango na vioo kwenye magari ya zamani, ile inayozuia maji na vumbi. Ukimpelekea injini atakwambia hiyo mtafute mwingine.

Anafanyia kazi uani, chini ya mabati, tena polepole mpaka unatamani kumsukuma. Anabandua mpira uliokauka, anakwangua gundi kuukuu kwa kisu butu, penye kutu anapiga msasa, kisha anafuta kwa kitambaa chenye petroli. Mpira mpya hauvuti hata siku moja. Anausukuma kwa dole gumba, kidogo kidogo, kwa sababu ukiuvuta leo, wiki ijayo umeshajirudi na kukuachia pengo kwenye kona. Akimaliza anafunga mlango juu ya kipande cha gazeti na kukivuta. Kikichomoka kirahisi, anabandua na kuanza upya. Nimemwona akianza upya mara tatu kwa mlango mmoja, mwenye gari kakaa juu ya ndoo kanuna.

Na kila mteja lazima apewe somo la vitundu. Chini ya kila mlango wa gari kuna vitundu vidogo. "Mvua ikipiga kioo, maji yanateremka ndani ya mlango, hayo huwezi kuyazuia," husema, kidole juu. "Yaachie njia ya kutokea. Ukiziba vitundu umeuozesha mlango." Somo hilo nimelisikia mpaka naweza kulitoa mwenyewe nikiwa usingizini.

Sasa mtu kama huyo, gari lake lilikuwa linavuja. Ndilo alilomchukulia dada nyumbani kwetu siku ya ndoa yao, na kwa miaka yote hiyo limekaa foleni nyuma ya magari ya wateja. Dada ana kifua kibovu. Kila Alhamisi anapelekwa kliniki, na msimu wa mvua alikuwa anafika bega la upande wa dirisha limelowa, karpeti inanuka uvundo, anakohoa njia nzima. Nilisema mpaka nikachoka, shemeji katia pamba masikioni. Mwisho dada mwenyewe, akiwa bado na koti bichi mwilini, akakata maneno.

"Magari ya watu yanakauka, mimi mkeo nanyeshewa," alimwambia. "Kuna mtu analitaka hili gari. Nimemwambia aje Jumamosi ya wiki ijayo. Tone moja likiniangukia kabla ya hapo, analichukua."

Shemeji alitoka akaenda kukaa ndani ya gari. Nilimfuata nikiwa nimejiandaa kumsema, nikamkuta kaulaza mkono kwenye kiti cha dada, nikageuka nikarudi ndani. Nampenda yule mtu, basi tu kichwa chake kigumu.

Siku nne hakupokea mteja. Alifanya kioo cha mbele, cha nyuma, buti na milango mitatu. Mlango wa dada aliuacha wa mwisho, na siku hiyo akanifukuza uani kabisa. "Shemeji, nenda zako ndani," aliniambia, "ukinisemesha nitakosea." Alipomaliza alinifungia ndani ya gari na tochi, akalimwagia maji kila upande. Nilitoka mkavu, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

Alhamisi mvua ikaja kama iliyoagizwa. Dada alikaa mbele, leso nyeupe kaitandaza begani makusudi, ndiyo mizani yake. Mimi nilikaa nyuma. Shemeji alikuwa anatazama bega la mkewe kuliko barabara, hadi nikamkumbusha kwamba kuna watu wanavuka. Nusu ya safari leso ilikuwa kavu kabisa. Hata mimi nikaanza kupumua.

Kwenye kona ya sokoni tukasikia chubwi. Akakanyaga breki, chubwi tena, nzito, kama ndoo iliyojaa. Ilitoka ndani ya mlango wa dada.

Shemeji akasimamisha gari pembeni, akabaki kautazama usukani.

"Niliviziba," akasema.

"Uliziba nini?" dada akauliza.

"Vitundu."

"Wewe?" nikamwambia. "Wewe na somo lako lote?"

"Najua, shemeji. Kwenye ile milango mingine mitatu niliviacha wazi. Nilipofika kwenye mlango wake, kila tundu nililoliona nilihisi ndilo litakalomlowesha. Nikapaka gundi kote."

Shemeji akachukua bisibisi, akashuka, akapiga magoti kwenye matope kando ya mlango wa mkewe na kuanza kutoboa. Maji yakammwagikia mapajani, mengi ajabu. Nilitaka kumcheka nikashindwa. Sitaki kudanganya, machozi yalinilenga.

Aliporudi ndani alikuwa kalowa chapachapa, na vioo vyote vimeshika ukungu, kwa kuwa mipira yake haikuacha hata upenyo wa kupitisha pumzi. Mbele hakuonekani kitu. Dada akashika mkono wa dirisha lake, akauzungusha, kioo kikateremka vidole viwili. Mvua ikaingia. Tone la kwanza likaangukia katikati ya leso, tukaliona sote watatu. Shemeji akafumba macho.

Dada akaitoa leso begani, akamfuta mumewe uso, paji, mashavu mpaka shingoni.

"Mpigie yule wa Jumamosi," akamwambia.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie asije. Na uwashe gari, daktari ananingoja."