Chapati za Wakwe wa Kinoo

Jameni, leo nusura Wafula aoe msichana hajawahi kumwona.

Mimi, yeye na Nekesa tumetoka Kakamega na basi ya alfajiri, tupumzike wikendi kwa nyumba ya kukodi huku Kinoo. Tuliposhuka River Road, Nairobi, tumebeba mabegi hadi mabega yakafa ganzi. Mwenye nyumba alituambia tu, "Tafuteni geti nyeusi."

Tukagonga geti nyeusi.

Mama akafungua. "Nyinyi ndio mmetoka Kakamega?"

"Ndio, mama!"

Akatukumbatia wote! Tukanawishwa mikono, tukaletewa chai, chapati na kuku. Nikamnong'oneza Nekesa, "Hawa tutawapa nyota tano."

Kumbe.

Baba ya hiyo nyumba akasimama, akaomba, kisha akatuangalia. "Sasa wageni, kijana anayemtaka Wanjiru wetu ni yupi?"

Wafula akaacha kutafuna.

Wanjiru akaitwa kutoka jikoni. Akatukagua mmoja mmoja, pole pole.

"Baba, hawa siwajui."

Na hapo ndio magari ya wageni wenyewe yakapiga honi nje.

Yetu ilikuwa geti nyeusi inayofuata.

Nauliza tu: chapati ya wenyewe ikiwa tayari mdomoni, unameza ama unatema?