Mti Uliokatiwa Wageni

Mti wangu umechanua tena wiki hii, hapa Ngoingwa, kwa balkoni ya nyumba ya binti yangu. Maua ni mekundu, makubwa kama sahani ya kikombe, yananing'inia kutoka kwa mkebe wa rangi ambao binti yangu anasema unamwaibisha. Lakini aibu haikumzuia kuyapiga picha na kuwatumia watu. Sasa watu wananiuliza kupitia simu yake: mama anafanyaje? Wao pia wanao huo mti. Wamenunua kwa wale vijana wanaouza miche kando ya barabara kuu, wameuhamishia kwa chungu kikubwa cha kumetameta, wanaumwagilia asubuhi na jioni, na unatoa majani tu.

Nilimwambia binti yangu, "Waambie waache kuupenda hivyo."

"Mum, hiyo si jibu."

Ni jibu. Tena ni jibu nililolijua kabla sijaota matiti, na lilipatikana kwa uchungu. Binti yangu hana muda wa kulisikiliza, yeye huingia akitoka. Wewe kama chai yako iko karibu, kaa nikueleze. Shule nilifika darasa la tatu, nikatolewa nikasaidie kazi za nyumbani, kwa hiyo ukiona nimekosea mahali, rekebisha kimoyomoyo uendelee.

Nililelewa na cucu, mama ya mama yangu, pale Kiandutu, hapa hapa Thika. Usifikirie Kiandutu ya leo, ambapo ukifungua mlango wako unagonga mlango wa mwenzio. Wakati huo nyumba zilikuwa chache, na katikati palikuwa na mahindi na mbuzi waliofungwa kamba. Saa hatukuwa nayo, tulikuwa na king'ora cha kiwanda. Kikilia cha asubuhi, cucu alikuwa tayari ameamsha moto na uji unachemka. Kikilia cha mchana, mimi nilitakiwa niwe nimetoka mtoni na maharagwe yawe yamechaguliwa mawe. Upepo ukitoka upande wa mashamba ya mananasi, harufu yake tamu ilikuja mpaka kwa mlango, halafu sisi tukala githeri kavu, mahindi na maharagwe, tukinusa nanasi. Nacheka sasa, lakini wakati ule nilikuwa nanusa kwa bidii kweli.

Kwa mlango wa jikoni, kutoka kwa boriti, kulining'inia sufuria iliyotoboka, na ndani yake mti. Sisi tuliuita ulimi wa ng'ombe. Haukuwa na majani ya kawaida. Ulikuwa na ndimi ndefu, bapa, nene kidogo, zenye meno-meno pembeni, zilizoshuka chini kama zinataka kulamba sakafu. Jamii ya zile dungusi za ukame, lakini huu hauna miiba, na nimeambiwa kwao unaishi juu ya miti mingine, huko msituni, mizizi ikishikilia gome tu. Hayo cucu hakuyajua. Yeye alijua kitu kimoja: kwamba una ua.

Alikuwa ameliona Ruiru. Akiwa msichana alichuma kahawa kwa shamba la mzungu, na mara nyingine aliitwa kufagia veranda ya nyumba kubwa. Mti ulikuwa hapo, umechanua. Cucu akasimama autazame. Memsahibu akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, fagia, usiangalie. Basi akafagia, na akaangalia akiwa ameinama, kwa pembe ya jicho, kila fagio likifika upande ule. Siku hiyo ulimi mmoja ulikuwa umevunjika ukaanguka, naye akaufagia na takataka, akautoa kwa takataka, akauficha kwa kiondo. Huo ndio uliozaa wetu.

Cucu alikuwa akisema, "Nataka nikae kwa kiti yangu, kwa mlango yangu, niangalie hiyo maua mpaka mimi mwenyewe nichoke." Hakuwa na tamaa nyingine ninayoikumbuka. Nguo hakutaka, dhahabu hakuijua. Na nilipokuwa nimekua kiasi cha kubeba mtungi, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alinitambua kwa mwendo kabla ya sura. Rangi zilikuwa zinamtoka moja moja, lakini nyekundu bado aliiona. Alinyanyua kitambaa juani akasema, hii ni nyekundu, si ndiyo? Nikasema ndiyo. Basi umeelewa haraka yake ilitoka wapi.

Mti haukuchanua. Miaka inaenda, ndimi zinaota, maua hakuna. Cucu aliumwagilia masalio ya chai. Aliuweka jikoni kwa joto usishikwe na baridi. Alizungumza nao. Nami nikajifunza kuomba Mungu kwa sababu ya huo mti, kabla hata sijaomba kwa ajili ya mtu.

Sasa nikueleze desturi ya nyumba yetu, maana hapo ndipo kesi yote ilipo. Kwa cucu mgeni hakutoka mikono mitupu. Anayekuja akiwa na kitu kwa kiondo, kiondo hakirudi tupu. Anayekuja bila kitu, huyo ndiye hasa anayepewa. Cucu alisema mkono mtupu hupiga kelele njiani, watu wote wakasikia umetoka kwa nani. Kukiwa na mayai, mgeni alipewa mayai. Kukiwa na nduma, nduma. Na siku ambazo nyumba haikuwa na kitu, na hizo zilikuwa nyingi, cucu alichukua kisu, akaenda kwa sufuria, akashika ulimi mrefu kuliko zote, ule uliokomaa, akaukata kwa shina. "Kapande. Una maua nyekundu sana." Wageni walishukuru. Nusu ya Thika ilikuwa na mti wa cucu.

Mmoja wa kwanza kupewa alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, mama mmoja aliyekaanga mandazi. Huyo alikuwa mkono wa birika. Ukimwomba chumvi anakuuliza yako imeenda wapi. Aliuchomeka ulimi kwa mkebe wenye kutu, akautundika nyuma ya nyumba, kando ya banda la kuku, akausahau. Mvua haikufika pale. Baridi ya gathano ilifika, mawingu yale ya mwezi wa saba yanayokaa chini bila kunyesha, na mti ukanyauka mpaka ukawa na mikunjo. Na baridi ilipoisha, nilikuwa nafukuza kuku wetu huko nyuma, nikakutana na maua. Mengi. Mekundu kiasi cha kunifanya nisahau kuku.

Nilikimbia nikamwambia cucu. Alikuwa anapepeta maharagwe. Mikono ikasimama, halafu ikaendelea.

Jirani mwenyewe akaja akijifuta unga, anacheka. "Mama, kuja uone. Mtoto wako amezaa kwangu."

"Nimechungulia maua ya watu ya kutosha," cucu akasema. "Yangu nitaiangalia kwangu."

"Kwako itachanua lini? Wewe unainyoa kila Jumapili kama kondoo. Kila mtu akipita, kisu. Ua linatoka kwa ulimi mzee, na wewe wazee wote umewapeana."

"Hata hiyo yako ilitoka kwa mkono wangu."

"Ndiyo. Na haitoki kwa wangu."

Wote wawili wakacheka sana, cucu mpaka akajifuta macho kwa leso. Lakini jirani alipoondoka, cucu alipepeta maharagwe yale yale mpaka king'ora kikalia, na hiyo jioni akaniambia nimsaidie kuutoa mti jikoni. Tukautundika nje, chini ya mparachichi, mahali unapata jua la asubuhi pekee. Akaacha kuupa chai. Gathano iliyofuata aliunyima maji kabisa, na mimi nikamlaumu moyoni, nikiona mti unakunjamana kama mikono yake. Na hakuukata.

Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu. Kunyima mti maji ni rahisi, kunyima mgeni siyo. Wageni walikuja, akawapa mayai mpaka tukasahau ladha ya yai. Akawapa kuni. Mama mmoja alipewa kikombe chenyewe alichonywea. Walioutazama mti kwa kutamani waliambiwa, "Huyo analea, mwacheni," na cucu akageuza uso kwa aibu. Kila asubuhi, kabla ya uji, alikwenda chini ya mparachichi akaupapasa ulimi baada ya ulimi, kutoka shina hadi ncha, taratibu, kama mtu anayetafuta chawa kwa kichwa cha mtoto.

Asubuhi moja akaniita. Akashika kidole changu akakiweka kwa jino la ulimi mmoja, ule mkubwa wa katikati. Palikuwa na kidude kidogo kama punje ya mchele. Na kingine juu yake, na kingine. "Ni nyekundu?" akauliza. Nikasema bado, ni ncha tu. Siku zilizofuata aliuliza swali hilo hilo, na kila siku wekundu ulikuwa umeshuka kidogo, mpaka vile vidude vikawa kama vidole vya mtoto, vimekunjwa, vinangoja.

Ndipo akaja rafiki yake kutoka Ruiru.

Huyu walichuma kahawa pamoja wakiwa wasichana. Alikuja kuaga. Mwanawe alikuwa amepata shamba mbali sana, huko juu Laikipia, na alikuwa anamhamishia mama yake huko. Kwa umri wao, wote wawili walijua kuaga huko ni kwa namna gani. Nyumbani hakukuwa na kitu. Mayai tulikuwa tumewapa watu, kuku wenyewe wameacha kutaga. Chai ilikuwa ya rangi. Mimi nilitumwa mtoni nikalete maji, na niliporudi niliwakuta wanatoka, wameshikana mikono, na kutoka kwa kiondo cha mgeni ulimi mrefu umechomoza, ukiwa na vidole vyake vyekundu.

Niliweka mtungi chini. Nilitazama chini ya mparachichi nikaona shina jeupe, bado linatoa maji. Nilidhani ni macho. Nilidhani cucu amekosea ulimi.

Tulimsindikiza mgeni mpaka barabarani, kama ilivyo desturi. Walitembea polepole, mimi nyuma. Karibu na barabara mgeni akasimama.

"Wewe, hii ina maua."

"Najua."

"Unajua na umekata?"

"Nimeishika kila asubuhi, sasa nisijue? Zile zingine ni toto. Nikupatie toto, na unaenda?"

Mgeni akaugusa ulimi pale kwa kiondo. Kisha akasema, "Sasa wewe utaangalia nini?"

"Utaniangalilia wewe. Lakini ukae kwa kiti. Usiangalie ukiwa umeinama."

Hapo walicheka kicheko cha wasichana, na mimi sikuelewa cha kuchekesha ni nini, nikakasirika. Tulirudi nyumbani. Cucu alipika, tukala, akalala.

Ndimi changa zilihitaji wakati kukomaa, na macho hayakungoja. Mvua ndefu zilipoisha alikuwa haoni kitambaa hata ukikiweka juani. Alikuwa akiniambia, akiwa amekaa nje, "Saa hii yule anaangalia." Alisema kwa raha, kama mtu mwenye shamba mahali. Miaka yote aliyoishi baada ya hapo alikuwa na uhakika kwamba huko Laikipia kuna mwanamke amekaa kwa kiti na maua yamefunguka mbele yake.

Mimi sasa nimekuza mti huu muda mrefu, na najua ambalo sikulijua wakati ule. Ukiwa na machipukizi ya maua, hautaki kusogezwa. Hata ukiugeuza tu upande mwingine wa jua, unaweza kuyaangusha. Ukikata ulimi wenye maua machanga ukautia kwa kiondo, ukasafiri nao kwa vumbi na joto, yatadondoka moja moja, na utafika na ulimi mtupu. Utaota, ndiyo, haufi upesi. Lakini yale maua, nina hakika kama ninavyokaa hapa, hayakuonwa na mtu yeyote. Yaliangukia chini ya kiondo. Aliyeyakata hakuyaona, na aliyepewa hakuyaona. Nashukuru cucu hakujua, na naumia kwamba mimi najua.

Cucu alipozikwa, watu walijaa, na kwa kuwa ni nyumba yake, hakuna aliyetaka kutoka mikono mitupu. Waliuendea mti na visu. Jioni ilibaki sufuria na udongo. Ule wangu ulitoka kwa jirani wa mandazi, mkono wa birika, aliyekuwa hajampa mtu hata kijiti. Alinikatia kipande kifupi, akakishikilia kidogo kabla ya kukiachilia. "Usiukate ovyo," akaniambia. "Umeona wa cucu yako." Hilo linanichoma hadi leo. Mti wa mkarimu ulikwisha, na mimi ninao wangu kwa sababu kulikuwa na mchoyo mlango wa pili.

Kwa hiyo binti yangu, waambie hao wa simu: mkebe mdogo, mizizi ibanane. Baridi ikija, uache nje na kiu. Ukitoa vidole, usiuguse. Na ndimi nzee usizikate.

Hilo la mwisho hapa Ngoingwa ni rahisi kupita kiasi. Kuna lango, kuna mlinzi, ni lazima mtu apige simu kwanza, na akishapiga, mambo yote yameisha hapo kwa simu. Mama wa ghorofa ya chini ameomba picha nyingine ya maua, hajapanda ngazi. Mimi huweka chai ya kuzidi asubuhi, halafu naimwaga saa kumi. Mti wangu una ndimi ndefu kuliko zozote alizowahi kuwa nazo cucu, zote zimekomaa, na mwaka hadi mwaka unachanua wote, juu hadi chini, kwa sababu hakuna mtu wa kumkatia.