Jembe la Devota kwenye Kilomita Tano

Ukimwona mama mtu mzima anakimbia barabarani asubuhi hapa Ifakara, unawaza nini? Unawaza msiba. Ndivyo ilivyokuwa siku ya kwanza Devota alipotoka kufanya mazoezi. Hajafika hata kwenye mashine ya kukoboa mpunga, jirani yake Stumai yuko nyuma yake, khanga kiunoni, machozi yameshaanza.

"Dada, nani ametutoka?"

"Hakuna. Nafanya mazoezi."

Stumai akafuta macho. "Si ungesema jana. Nimeacha uji motoni."

Sababu ya mazoezi ilikuwa shamba. Mwaka jana Devota alilazwa kwa homa ya mapafu. Akapona, ila mwanawe Evod hakupona woga. Akamkataza kuinama, akamkataza kubeba ndoo, mwisho akasema shamba la mpunga la ng'ambo ya mto litakodishwa. Shamba hilo Devota amelilima tangu Evod akiwa mgongoni. Nesi alisema kifua kimepona, mama aanze kujizoeza taratibu. Evod aliitikia kwa kichwa, akaendelea kutafuta mtu wa kulikodi.

Hapo ndipo zikatangazwa mbio za kilomita tano, kutoka darajani Kivukoni hadi uwanja wa mpira mjini.

"Nikizimaliza je?" Devota akamuuliza.

"Ukizimaliza kwa miguu yako, bila kupandishwa gari, shamba halikodishwi." Evod alisema hivyo akiwa na hakika kabisa kwamba mama hafiki.

Basi, baada ya ile ya Stumai, Devota akatafuta dawa ya maswali. Kesho yake alitoka na jembe begani. Mwenye jembe akikimbia, watu wanajua amechelewa shambani, yameisha. Kassian wa bodaboda peke yake ndiye aliyesimama.

"Shikamoo mama. Panda nikuwahishe."

"Marahaba baba. Acha nichelewe na miguu yangu."

Akawa anakimbia kutoka nguzo ya umeme hadi nguzo ya pili, anatembea inayofuata, anakimbia tena. Wiki zikapita. Nguzo za kutembea zikapungua, na jembe halikushuka begani.

Siku ya mbio akaliacha nyumbani. Mtu amevaa fulana yenye namba kifuani, jembe la nini tena? Vijana wakachomoka darajani kama nyuki waliofukuzwa, naye akachomoka nao. Hapo ndipo alipokosea. Mikono ikawa haijui pa kukaa, inapepea huku na huku. Pumzi ikakatika, akasimama kando ya barabara ameshika magoti. Nyuma yake likaja taratibu gari la kuokota waliochoka, na Ignas, mhudumu wake, akachungulia dirishani.

"Mama, nafasi ipo. Na maji ya baridi yapo."

Devota akayatazama yale maji. Akaiona akilini na ng'ambo ya mto, na mtu mwingine akipanda mpunga kwenye shamba lake.

Mbele kidogo mwanamke mmoja alisimama na jembe lake, akiwaangalia wakimbiaji kabla ya kwenda kulima. Devota akamwendea.

"Dada, niazime hilo jembe."

"Utalirudisha lini?"

"Leo leo."

Yule mwanamke akamtazama juu hadi chini, akampa. Jembe likakaa begani mahali pake, mkono mmoja ukapata kazi, na miguu ikakumbuka mwendo wake. Nguzo hadi nguzo. Pumzi ikarudi.

"Haya, tumepata mkulima," Ignas akamwambia dereva. "Mfuate polepole, asije akatulimisha na sisi."

Alifika wa mwisho. Wenye meza za maji walikuwa wameshaanza kuzikunja. Evod alikuwa amesimama peke yake kwenye mstari, shingo ameirefusha, na alipomwona mama yake anaingia uwanjani akikimbia, akakaa chini kwenye nyasi kama vile yeye ndiye aliyetoka Kivukoni.

"Kifua?" akauliza.

"Kipo. Sikiliza mwenyewe."

Evod akasikiliza. Mama anahema, lakini anahema vizuri, hakohoi. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia.

"Na hilo jembe la nani?"

"La dada mmoja njia ya Kivukoni. Nimeahidi leo leo."

"Lete nilirudishe."

"Twende wote," Devota akasema. "Tukitoka hapo tupite kuulizia mbegu."

Evod akainuka, akajipangusa nyasi, akalibeba jembe yeye.