Barua Niliyoandikishwa Ubwari

Kabla ya vita nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Fizi, na kila nilipomaliza kusahihisha kazi za wanafunzi niliandika hadithi. Madaftari manne yalijaa. Tulipokimbia niliyaacha chini ya godoro. Jirani aliyerudi kuchungulia nyumba aliniambia kwamba askari walichana karatasi zake wakasokotea tumbaku. Sikulia. Nilijiambia kwamba pengine hiyo ndiyo kazi iliyozifaa, nami nikaacha kuandika.

Mimi na mke wangu tulivushwa kwa boti hadi Ubwari, rasi iliyoingia ziwani. Mama mmoja mjane, mkaushaji wa samaki, alitupa chumba bila hata kuuliza tungekaa mpaka lini. Tulikula kwake karibu mwaka mzima. Nilimsaidia kupasua kuni, tena vibaya.

Asubuhi moja alinijia na karatasi. Mwanawe alikuwa kambi ya wakimbizi Tanzania, ng'ambo ya ziwa, na kulikuwa na boti la kuvuka mchana huo.

“Mwalimu, uniandikie mutoto wangu barua.”

Nilitamani kukataa, lakini utamkatalia vipi mtu anayekulisha? Nikaandika kama tulivyofundishwa shuleni: mwanangu mpendwa, natumaini waraka huu utakukuta u buheri wa afya. Nikamsomea. Akanikazia macho, samaki mkononi.

“Huyu njo nani anasema?”

“Ni wewe, mama.”

“Hapana. Mi sisemake hivyo. Atazani nilishakufa, batu bengine banamwandikia. Andika vile nasema.”

Niliona haya. Nikageuza karatasi, naye akaanza, huku akipindua samaki juu ya moto:

“Mbuzi mweupe alizala mapacha, moja akakufa. Nyumba ya baba yako ingali, lakini mulango balibeba. Sahani yako ningali naitoa kila siku, kiisha nakumbuka hauko.”

Mkono wangu ulisita hapo. Katika madaftari yangu yote manne hapakuwa na sentensi kama ile.

“Unaandika?”

“Naandika, mama.”

Baada ya majuma kadhaa mvuvi mmoja alileta jibu. Nilimsomea: “Mama, nilisoma barua yako mara tatu. Nilikusikia.” Akacheka, akalia, akajifuta kwa ncha ya kitenge, kisha akaniomba nirudie.

Kesho yake niliketi nyuma ya nyumba na kalamu. Ukurasa wa kwanza niliuchana, ulikuwa bado na maneno ya “buheri wa afya”. Wa pili niliandika jinsi marehemu mama yangu alivyokuwa akigombana na kuku wake, kwa maneno yake mwenyewe. Nilimsomea mke wangu. Nilipofika mwisho aliuliza, “Halafu?” Sikuwa na halafu, ikabidi niitafute, na sijaacha kuitafuta hadi leo. Zipo siku ambazo hakuna kinachokuja. Siku hizo siogopi tena. Naenda kukaa na watu, nasikiliza.

Hali ilipotulia tulihamia mji wa Baraka. Hadithi zangu za kwanza zilipochapwa, nilipanda boti kwenda kumshukuru yule mama. Nilimkuta palepale jikoni kwake, amezeeka kidogo.

“Aksanti ya nini?” akasema. “Weye njo uliandika.” Akanisogezea kiti. “Sasa ikala. Kuko bamama bane banakungoja na makaratasi yao.”