Vidonge vya Macho vya Mama Kola

Kwa kola za mashati, jamani, hakukuwa na fundi wa kumfikia. Ndiyo maana hata jina lake la kuzaliwa watu walilisahau, akabaki Mama Kola. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye cherehani ile ile, karibu na dirisha, na binti yake pembeni akishona vifungo.

Ikafika siku uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Akalamba uzi, akafinya jicho, wapi! Jirani yake wa duka la vipodozi akamuuzia vidonge vya macho, kichupa kina picha ya karoti. "Meza viwili kila asubuhi, shoga, utaona mpaka ya keshokutwa." Mama Kola akacheka, akameza. Alimeza mwaka mzima na ushei.

Na aliamini vinamsaidia! Kola alizoziacha jioni akiwa na wasiwasi nazo, asubuhi akizipapasa zimenyooka. Binti aliposema, "Mama, twende ukapimwe macho," alikuja juu. "Nipimwe nini? Kazi yangu huioni? Hebu maliza vifungo vyako." Maskini, hakujua anajisifia kazi ya nani.

Hadi siku alipomimina chai nje ya kikombe mara tatu mfululizo, ndipo akakubali kwenda hospitali. Daktari alimmulika, akashusha pumzi. "Mama, una presha ya macho. La kushoto limeshakwenda, halirudi tena. La kulia tutalilinda kwa dawa ya matone." Mama Kola akamtajia vile vidonge, naye akamuuliza anakula nini. Mboga za majani, maharage, samaki, mapapai. "Sasa vidonge vya nini? Mwili wako haukupungukiwa na kitu. Ungekuja mwaka jana, tungekuwa na cha kuokoa."

Walipotoka wakakaa kwenye benchi la nje. Binti akaangua kilio.

"Nisamehe, mama. Zile kola zilikuwa zinapinda. Nilikuwa natangulia alfajiri, nazifumua, nazishona upya. Niliona ukijua utakufa kwa aibu, nikakusitiri."

Mama Kola alitaka kugomba, akakumbuka alivyomfokea binti kwa habari ya kupimwa. Akajuta. Akageuza kichwa chote, ili amuone mwanawe kwa jicho lililobaki.

"Mdomo wako niliuziba mwenyewe," alisema. "Lakini ungeniaibisha tu, mwanangu. Ungeniaibisha mapema."