Vioo Vilivyogeuka Buluu

Nikiwa namalizia shahada yangu ya pili, chuo kilifungwa kwa sababu ya mgomo, nami nikabeba sampuli zangu hadi nyumbani, mtaa wa Kisumu Ndogo. Vilikuwa vioo vidogo vilivyopakwa oksidi ya molibdeni, utando mwembamba hata usingeuona. Nilikuwa nachunguza jinsi unavyofyonza mwanga, ule wa kawaida na ule wa infraredi ambao macho hayauoni.

Siku moja, baada ya mvua ya usiku, nilienda mtaa wa Kawangware kuwafundisha hesabu watoto wa mwenye ploti fulani ya nyumba za kupanga. Huku nyuma mama, ambaye huuza omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, aliona kisanduku changu kimelowa. Akavitoa vile vioo, akavipanga juani juu ya gunia, kando ya omena zake.

Niliporudi jioni vilikuwa buluu.

"Mama, umevifanyia nini?"

"Nimevianika tu, nyathina, mwanangu. Vilikuwa na maji. Hata sikuvipangusa."

Niliingia ndani nikakaa kitandani. Kazi yote ile! Mama alibaki mlangoni. Baadaye aliniletea chai, akaiweka chini. Usiku nilimsikia akijigeuza-geuza, nikajua naye halali.

Chuo kilipofunguliwa nilivipeleka kwa msimamizi wa utafiti wangu, mwanamke asiye na haraka. Akainua kioo kimoja dirishani.

"Hiki kilikaa juani?"

"Ndiyo, Daktari. Kutwa nzima. Vyote."

"Basi tupime kwanza. Usilie bado."

Tukakiweka kwenye mashine ya kupima mwanga. Mstari wa ufyonzaji kwenye grafu, uliokuwa umelala chini siku zote, sasa ulianza kupanda kwenye mwanga mwekundu, ukavimba kabisa kwenye infraredi. Akanieleza: jua limezifungua elektroni ndani ya utando, nazo zinanasa mwanga mwekundu na infraredi. Buluu ndiyo inayosazwa, kwa hiyo ndiyo tunayoiona.

"Kwa hiyo vimeharibika?"

"Havijaharibika. Vipashe moto kwenye hewa ya kawaida, vipate oksijeni ya kuzichukua elektroni hizo."

Tuliviweka kwenye tanuri. Nilijaribu kusoma nikashindwa, nikabaki nimekaa kwenye stuli, mikono katikati ya magoti. Vilipopoa niliinua cha kwanza, nikaona miti ya nje na rangi zake za kweli. Tukapima tena. Mstari ulikuwa umerudi chini, umetulia. Nikaanza kucheka peke yangu. Daktari naye akacheka.

Nilimpigia mama papo hapo.

"Mama, vimepona."

"Vyote?"

"Vyote. Hakuna ulichoharibu."

Nikasikia akishusha pumzi ndefu. Kisha akamwambia mteja aliyekuwa mbele yake, kwa sauti ya soko zima kusikia, "Ngoja kwanza, mama. Kazi ya mtoto wangu imepona!"

"Mungu ni mwema," mteja akajibu, bila kujua ni kazi gani, wala ilikuwa inaugua nini.