Johari na Wimbo wa Kutua

"Mtoro akianguka njiani na mimi ni mzima, nivueni kanga hii mumtandikie mbuzi!"

Hayo aliyasema Johari binti Kibwana katikati ya uwanja wa Kibiti, mbele ya watu wasiopungua mia mbili, karani wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akiwa bado hajakunja karatasi yake. Watu wakaangua kicheko. Mwantum, jirani yake tangu utotoni, akamvuta mkono.

"We Johari, maneno yote unayamwaga leo, siku yenyewe utasema nini?"

"Siku yenyewe sisemi. Naimba."

Karatasi ya karani ilihusu mbio. Ulikuwa mwaka wa kutawazwa Malkia, na serikali ilitaka watu wafurahi, wapende wasipende. Wanaume wangekimbia kutoka Ruaruke hadi Kibiti, kwa kuzungushwa zungushwa porini ili zitimie maili ishirini na sita, kwa sababu Ulaya ndivyo wanavyokimbia. Mchanga wetu unaomeza mguu hadi kifundo haukuulizwa. Wa kwanza angepewa kazi ya utarishi bomani Utete: kaptura ya kaki, baiskeli ya serikali, na mshahara kila mwezi kwa kupeleka barua. Kisha karani akasoma sheria moja, akairudia mara mbili: mkimbiaji atakayeguswa na mtu, hata kwa kidole, ametoka.

Mtoro alikuwa mdogo wake Johari, baba mmoja mama mmoja. Tangu ndevu zilipoanza kumtoka alikuwa akibeba boriti za mikoko huko deltani, na tope lilikuwa limemla katikati ya vidole vya miguu. Kila masika homa ilimlaza wiki tatu. Tabibu wa dispensari alimwambia aachane na maji ya chumvi. Mtoro akashukuru, na kesho yake akarudi kwenye maji ya chumvi, maana tabibu hakusema atakula nini. Baba yao, mzee Kibwana, alianza hivyo hivyo, kwa vidole na homa, na hakufika miaka arobaini na tano. Johari alikuwa amehesabu masika. Aliona mdogo wake amebakiza mawili, akijitahidi matatu. Ile kaptura ya kaki kwake haikuwa nguo.

Na sauti Johari anayo. Huko mikokoni boriti haibebwi kimya. Watu kumi wanaingia chini ya gogo moja, tope magotini, na mmoja pembeni anawaimbisha. Alipofariki mzee Kibwana, aliyekuwa mwimbishaji, wanaume walijaribu waimbishaji wanne, magogo yakagoma. Johari, aliyekuwa akiwapelekea chakula tangu ana miaka minane, akaweka sufuria chini akaimba. Gogo likaenda. Walionung'unika kwamba mwanamke hasimamii wimbo wa wanaume walinung'unika huku wanatembea.

Wimbo una sehemu tatu. Wa kuinua, wa kwenda, na wa kutua. Huu wa mwisho huimbwa ubavu wa chombo, jahazi linalopakiwa boriti, ukishaonekana: "Ubavu huo!" anaita mwimbishaji, na wabebaji wanajibu "Tua!" huku magoti yote yanakunjika pamoja. Hapo hapana kufikiri. Atakayebaki amesimama wenzake wakiwa wamekunja, gogo zima linamkalia yeye shingoni. Kwa hiyo mwili unafundishwa kutii kabla kichwa hakijasikia.

Kwa kuwa mkimbiaji haguswi, Johari aliona kilichobaki ni maji na sauti, akavipanga vyote viwili kama anayepanga harusi. Kila maili tatu aliweka watu wa delta, wakata boriti na wake zao, wenye mitungi, kata za vifuu na machungwa yaliyokwisha kumenywa. Kata iwekwe juu ya kisiki, mkimbiaji aichukue mwenyewe. Wakimwona tu, waimbe wimbo wa kwenda, mpaka apotee, na wa mbele wapokee. Pale Kibiti, barazani kwa Zaverchand mwenye duka, mkewe Gangaben alikoroga maji ya sukari guru na ndimu, ndoo nzima.

"Mama Gangaben, hayo ni ya Mtoro peke yake?" Mwantum akamwuliza.

"Mwenye kiu atakunywa. Mimi sijui Mtoro, najua kiu," akajibu Gangaben, na akaendelea kukamua ndimu.

Wakaanza kukimbia alfajiri, watu thelathini na mmoja. Kufika maili ya kumi wengi walikuwa wamekaa chini ya vivuli wakiulizana ni nani aliyewadanganya. Mtoro alikuwa wa tisa. Maili ya kumi na tano, wa nne. Nchi kavu, mguu ule uliooza ulikuwa mwepesi ajabu. Kwenye maili ya ishirini na moja alisimama, akajishika kiuno, akatapika. Binti mmoja wa Ruaruke alitaka kumkimbilia, mama yake akamnasa upindo wa kanga: "Ukimgusa umemuua!" Basi wakamwimbia. Watu sita tu, wamesimama mita tatu kutoka kwake, mikono nyuma kama wafungwa, wanamwimbia mtu anayetapika. Mtoro akafuta mdomo, akanyanyua mguu mmoja, kisha wa pili. Mwenyewe alisema baadaye kwamba kutoka hapo hakukimbia. Alibebwa.

Walipotokea Kibiti alikuwa wa kwanza. Hatua hamsini nyuma yake alikuwa Nassibu wa Ngorongo, mrefu, asiye na mtu wa kumwimbia, anakimbia kwa hasira tu.

Kamba ya mwisho ilifungwa mbele ya duka la Zaverchand. Kando yake walijipanga wakata boriti arobaini, na mbele yao Johari, kanga kiunoni, anaimbisha wa kwenda. Uwanja mzima ulikuwa umeshaudaka, hata askari, hata wauza karanga. Mtoro akaja. Macho yamefumbwa nusu, mdomo wazi, anaifuata sauti ya dada yake kama mtu aliyeshikwa mkono. Hatua sitini. Arobaini. Johari akaona kamba, akaona kichwa cha mdogo wake, akaona wamefika.

"Ubavu huo!"

Hakukusudia. Miaka kumi na moja kinywa chake kilipoona mwisho wa safari kilikuwa kinasema neno hilo, kikalisema.

"Tua!" wakajibu wakata boriti. Wanaume arobaini wakakunja magoti kwa pamoja, kando ya barabara, mikono mabegani penye gogo ambalo halikuwapo. Watu wa mjini walidhani ni mchezo wa kumsalimu Malkia, wakapiga makofi.

Na Mtoro, hatua thelathini kabla ya kamba, akakunja yake. Akatua vizuri kabisa, kama anavyopaswa kutua mbebaji, taratibu, mgongo wima, akakaa mchangani.

Johari akabadili upesi, akaanza wa kuinua. Akauimba mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Lakini makofi yalikuwa mengi, na miguu iliyokimbia maili ishirini na sita ikishakunjwa ina mambo yake. Ilikakamaa. Mtoro aliinuka nusu, akaanguka kifudifudi. Mwantum alimshika Johari kiunoni kwa mikono yote miwili asimkimbilie, kwa ajili ya ile sheria. Nassibu akapita. Alimtazama Mtoro, akasita kidogo, akaikata kamba.

Gangaben ndiye aliyekuja na kata yake, akamwinua kichwa, akamnywesha. Sheria haikuwa na kazi tena.

"Mtoro, mdogo wangu, nimekufanya nini?" Johari alikuwa amepiga magoti.

"Umesema tua, dada," akajibu Mtoro. "Nami nimetua."

Hakuna aliyemvua kanga. Aliivua mwenyewe usiku ule, akaikunja, hajaivaa tena. Na wimbo akauacha. Wakata boriti walimfuata mara tatu nyumbani, akawaambia koo linauma. Wakatafuta mwingine, kijana wa Ngarambe, sauti nzuri, hana kosa.

Kosa lilikuwa kwa Mtoro. Tangu siku ile kila aliposikia "Ubavu huo" mwili wake ulikuwa unauliza kwanza: kweli? Kuuliza huko ni kitambo kidogo, kama kupepesa jicho. Masika ya kwanza baada ya mbio, kwenye gogo la pili la asubuhi, wenzake tisa walikunja magoti na yeye akauliza; gogo zima likamkalia shingoni. Walimpeleka maiti kwa dada yake kwenye mtumbwi, juu ya boriti walizokuwa wakizipakia.

Mwaka ule korija ya boriti, yaani ishirini, iliuzwa shilingi kumi na nane.